NANI HUMSHAURI ANUNUAYE MASHINE?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Wazee wetu waliolima pamba kabla ya Uhuru walituachia habari ya mizani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, mkulima wa Usukuma alipopeleka pamba yake sokoni, mizani ilikuwa ya mnunuzi, na aliyesoma ratili alikuwa mtu wa mnunuzi. Wakulima walishuku kwamba wanapunjwa, lakini shuku peke yake haimshindi mtu mwenye mizani. Basi wakafanya jambo la akili. Waliajiri wapimaji wao wenyewe, wakapima pamba kwanza kwa mizani yao, ndipo wakaipeleka kwa mnunuzi hali wanajua uzito wake. Kutoka katika juhudi hizo vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika katika Afrika.

Yafaa kulitazama vizuri walilolifanya. Mkulima alitoa senti zake, wala hakupata jembe, wala mbegu, wala kanga ya mkewe. Alipata namba tu. Namba ile ilikuwa na thamani kwa kuwa mtu aliyeisoma alilipwa na mkulima na si na mnunuzi.

Nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza biashara moja kubwa ya siku hizi ambayo, ukiichunguza, ni jamaa ya mizani ile: biashara ya kuwauzia habari na uchunguzi wakubwa wa makampuni ambao kazi yao ni kuchagua mashine. Wengi wetu hatujapata kuisikia, maana hufanyika mbali, kwa lugha ya kigeni na kwa fedha nyingi. Lakini sisi tukaao kati ya Shinyanga na Geita, ambako nyumba nyingi zina ndugu aliyeko machimboni, twahusika nayo kuliko tunavyodhani. Nitaeleza kwanza inavyofanyika huko kwa wakubwa, kisha nishuke mpaka kwenye duara la mchimbaji mdogo wa Lwamgasa.

Kuuza habari kwa wafanyabiashara si jambo jipya. Mwaka 1850 Mjerumani mmoja, Paul Julius Reuter, aliona kwamba waya wa simu ya maandishi ulikuwa haujaunganishwa kati ya mji wa Aachen na mji wa Brussels. Akatumia njiwa kuziba pengo hilo, wakibeba bei za masoko ya hisa, na njiwa wakalishinda gari la moshi. Mwaka uliofuata alifungua ofisi London. Waliomlipa hawakutaka hadithi, walitaka bei, na waliitaka kabla mwenzao hajaipata.

Baada ya vita vya pili vya dunia ikaja kompyuta, na pamoja nayo shida ya namna nyingine. Bei ya ngano hueleweka kwa kila mtu. Lakini mkurugenzi wa benki au wa reli aliyeambiwa anunue kompyuta ya mamilioni ya fedha, atajuaje kama ni nzuri? Walioijua ni wale wale walioiuza. Mwaka 1964 Mmarekani aitwaye Patrick McGovern alianzisha shirika la International Data Corporation, kazi yake ikiwa kuhesabu kompyuta: zipo ngapi, ni za kampuni gani, na nani anazitumia. Mwaka 1967 akaanzisha gazeti la Computerworld. Mwaka 1979 Gideon Gartner akaanzisha kampuni inayoitwa kwa jina lake mpaka leo, na mwaka 1983 George Colony akaanzisha Forrester. Hayo ndiyo majina yanayotajwa sana katika biashara hii. Mwaka 1987 lilitokea gazeti liitwalo CIO, yaani herufi za mwanzo za cheo cha mkuu wa teknolojia ya habari katika kampuni. Kwetu mtu huyo huitwa mkuu wa TEHAMA. Tazama jambo hilo: cheo kimoja kimepewa gazeti lake! Bado sijaona gazeti la viranja.

Kwa nini bwana huyu au bibi huyu ahitaji kushauriwa? Chukua mgodi wowote mkubwa. Yapo malori makubwa ambayo lazima yaongozwe yasipange foleni shimoni bure. Zipo redio za kusemezana na watu walio chini ya ardhi. Ipo maabara inayopokea sampuli mchana na usiku, na zipo hesabu za mishahara, vipuri na mafuta. Kila kazi katika hizo ina programu zake za kompyuta, na kila programu ina wauzaji wengi, na kila muuzaji asema yake ndiyo bora. Sasa programu si ng'ombe. Ng'ombe utamfungua kinywa ukamtazama meno, ukajua umri wake hata kama mwenyewe anakudanganya. Programu haina meno. Haifahamiki mpaka imefanya kazi mwaka mzima, na hapo fedha zimekwisha kwenda, watumishi wamekwisha kuizoea, na kuing'oa ni taabu kama kutoa mwiba wa mgunga uliovunjikia mguuni. Ndiyo maana kampuni kubwa hukubali kulipa fedha nyingi kila mwaka ili kusikia neno la mtu wa tatu, asiyekuwa mwuzaji wala mnunuzi.

Mtu huyo wa tatu huitwa mchambuzi. Kazi yake ni kuuliza. Huwauliza wanunuzi waliokwisha kutumia programu imewafaa nini na imewakwaza wapi. Huwauliza wauzaji wanakusudia kufanya nini mwaka ujao. Huchukua majibu, akayahesabu, akaandika taarifa. Wenzangu wa Kidato cha Tatu wanaonung'unika kwamba takwimu hazina kazi baada ya mtihani na wasome hapa, maana kuna watu wanaokula na kuvaa kwa kazi hiyo tu, nao huvaa vizuri. Ugumu wake haumo katika kujumlisha, umo katika kuchagua wa kuulizwa. Ukitaka kujua kama kinu cha kusagia mawe ni kizuri, ukawauliza wachimbaji 40 uliowakuta kwenye banda la mwuza vinu wakinywa soda yake, umepata majibu 40 lakini hujapata ukweli. Waliokosa faida kwa kinu kile hawaji bandani. Wako nyumbani wakitafuta nauli.

Gartner ina mchoro wake mashuhuri, uitwao Magic Quadrant. Ni mraba uliogawanywa sehemu nne. Kwenda juu hupimwa uwezo wa muuzaji wa kutenda anayoyasema. Kwenda kulia hupimwa upana wa kuona kwake mbele. Kila muuzaji ni nukta moja. Walio juu kulia huitwa viongozi, na nukta ikiwa hapo muuzaji hufurahi kama mtu aliyepata Daraja la Kwanza, akautangaza mchoro ule kila mahali. Ikiwa chini kushoto, hunyamaza. Mkubwa wa kampuni asiye na muda wa kusoma kurasa 30 hutazama mraba tu, akaita nukta tatu za juu kulia zije zimweleze bei.

Je, mizani hii ni ya nani? Hapo ndipo penye utata. Mnunuzi hulipa ada ili asome. Lakini wauzaji nao hulipa ada kwa kampuni hizo hizo, kwa kuwa nao wataka kujua soko linakwenda wapi na wachambuzi wanafikiri nini. Kampuni za uchambuzi husema kwamba fedha ya muuzaji haiwezi kusogeza nukta yake hata upana wa unywele. Si wote wanaoridhika. Mwaka 2009 kampuni moja ya California, ZL Technologies, iliishitaki Gartner kwa kuwekwa mahali pa chini katika mraba. Mahakama iliitupa kesi hiyo, ikisema kwamba mraba ni maoni, na mtu hashitakiwi kwa kutoa maoni yake. Mimi nadhani hukumu ile yawapasa wanunuzi kuitafakari kuliko wauzaji. Wanaoushika mraba kana kwamba ni kipimo cha maabara wameambiwa na mahakama yenyewe kwamba ni maoni: ya watu wenye ujuzi, ndiyo, lakini maoni.

Kuna namna ya pili ya kulipia habari, nayo ni ya hila zaidi. Magazeti mengi ya wakubwa wa teknolojia yaligawiwa bure. Mtu angeweza kudhani ni ukarimu. Lakini ili ulipate ulijaza fomu: una cheo gani? Una watumishi wangapi chini yako? Mwaka huu kampuni yako itanunua nini, na una mamlaka ya kuidhinisha fedha kiasi gani? Kama huna mamlaka, gazeti huletewi. Fomu ile ndiyo iliyokuwa bei. Mwenye gazeti aliichukua, akawaendea watangazaji na kuwaambia, "Ninao wasomaji hawa, na kwa jumla wana fedha hizi mkononi." Kwa hiyo msomaji alidhani ananunua habari, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anauzwa. Desturi hiyo haikufa kwa kuja mtandao. Mpaka leo mtu akitaka kusoma taarifa fulani ya bure huombwa jina, kazi na namba ya simu, na baada ya siku mbili simu yalia.

Sisemi kwamba kila kilichomo katika gazeti la bure ni uongo. Waandishi wengi wa magazeti hayo ni mafundi wa kweli. Ila jambo baya juu ya mashine ya mtangazaji mkubwa huwa na njia ndefu kufika ukurasani.

Namna ya tatu ni habari ilipiwayo na umma, na hii kwetu ni ya zamani kuliko kompyuta. Idara ya Jiolojia ya Tanganyika iliundwa mwaka 1925, ikakaa Dodoma, na mrithi wake, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo wengi huiita GST, iko huko huko. Watu wake walizunguka nchi wakiandika mawe, na maandishi yao na ramani zao vikawekwa makabatini visome watu wajao. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa 1966. Nyasi ziliota, mashine zikaota kutu, lakini karatasi hazikuota kutu. Makampuni yaliyokuja katika miaka ya 1990 hayakuanza gizani, na mgodi wa Geita wa leo, uliofunguliwa mwaka 2000, umechimbwa katika vilima vile vile. Aliyesoma kwanza ndiye aliyechimba kwanza. Hata Dk. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mwanajiolojia aliyesomea kazi yake mpaka shahada ya udaktari, akaisaka almasi kwa miaka katika nchi hii kabla ya kuipata.

Kazi hiyo ya umma haijaisha. Serikali ilipotangaza mwaka 2023 mpango wake uitwao Vision 2030, ilieleza kwamba sehemu ya nchi iliyopimwa kwa kina kwa vyombo vya ndege ilikuwa kama asilimia 16 tu, na ikaazimia kufika asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Ramani ya namna hiyo haisemi, "Chimba hapa." Husema, "Hapa mawe ni ya namna hii, na pale ni ya namna ile," na hilo peke yake hupunguza mashimo ya bure.

Sasa tushuke kwenye duara.

Mchimbaji mdogo hana mkuu wa TEHAMA. Hana ada ya Gartner, na hata angekuwa nayo, Gartner haiandiki juu ya makarasha. Lakini yeye naye ni mnunuzi wa mashine. Kikundi cha watu kumi kikipata leseni kitahitaji pampu ya kuvuta maji, mtambo wa upepo, karasha la kuponda mawe, kinu cha kusaga, na njia ya kuichenjua dhahabu. Wengine huuza ng'ombe ili wapate fedha ya kuanzia. Kwa kampuni kubwa mashine mbaya ni aya moja katika taarifa ya mwaka. Kwa kikundi hiki ni zizi tupu, na mtoto wa mtu kurudi nyumbani muhula wa pili. Naye huyapata wapi maarifa ya kuchagua? Kwa muuzaji. Kwa dalali wa muuzaji. Kwa picha za sinema zinazotumwa katika simu, ambazo huonyesha dhahabu ikitiririka kana kwamba ni maji ya Ziwa. Kwa jirani aliyefanikiwa, asiyejua kwa yakini kama alifanikiwa kwa mashine au kwa jiwe.

Neno hilo la jiwe nataka nilifafanue, maana humo ndimo watu wanamopotea. Dhahabu ya ukanda wetu haikai namna moja. Karibu na uso wa nchi mawe yamekwisha kuozeshwa na hewa na maji kwa miaka isiyohesabika. Ni laini, mekundu, na dhahabu imo huru. Ukishuka chini, mawe huwa magumu na mabichi, na aghalabu dhahabu hujificha ndani ya madini ya salfaidi, yaani madini yenye kiberiti. Mtambo uliofanya vizuri kwa jiwe la juu waweza kushindwa kabisa kwa jiwe la chini. Muuzaji akikuonyesha mtambo wake kwa jiwe alilokuja nalo yeye, amekuonyesha jiwe lake. Hajakuonyesha lako.

Na katika uchenjuaji ndimo hesabu ilimo. Tuseme jiwe lenu lina gramu 5 za dhahabu katika kila tani, nanyi mmechimba tani 100. Humo mna gramu 500. Njia ya zebaki, ambayo imezoeleka sana mialoni, aghalabu hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo; tuseme 35 katika kila 100. Mtapata gramu 175. Zilizobaki 325 zimo katika marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Marudio hayo hununuliwa kwa bei ndogo na mwenye mtambo wa sayanidi, naye hutoa humo dhahabu mliyoiacha. Mtambo mzuri wa sayanidi na kaboni, kwa jiwe linaloufaa, waweza kupata 90 katika kila 100, yaani gramu 450. Tofauti ya njia hizi mbili kwa jiwe lile lile ni gramu 275. Gharama za mitambo hazilingani, hilo lazima litolewe katika hesabu. Lakini ni wangapi walioifanya hesabu yenyewe kabla ya kuyauza marudio?

Zebaki ina deni jingine lisiloandikwa katika daftari. Huchomwa motoni ili iiache dhahabu, na mvuke wake huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa wanawe walio karibu, kisha hudhuru ubongo na figo. Mapatano ya Minamata ya kuizuia yalifanywa mwaka 2013, yakaanza kutumika 2017, na Tanzania iliyaridhia 2020. Sayanidi nayo ni sumu kali. Asije mtu akadhani nimemwambia aikimbilie bila fundi. Kwa sababu hiyo Serikali, kwa njia ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, ilijenga vituo vya mfano: Lwamgasa na Katente katika mkoa wa Geita, na Itumbi huko Chunya. Mchimbaji aweza kuona hapo uchenjuaji wa kaboni ukifanyika. Kaboni hiyo ni makaa yaliyotayarishwa kwa namna maalumu, na mengi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Dhahabu iliyoyeyuka katika maji ya sayanidi huyanata makaa, kisha huondolewa. Kituo cha namna hii, kwa maoni yangu, ni kazi ya mchambuzi iliyojengwa kwa saruji. Hakiuzi mashine. Huonyesha tu.

Habari nyingine ambayo mchimbaji alikuwa akiinunua kwa hasara ni bei yenyewe ya dhahabu. Bei ya dunia hutajwa London mara mbili kila siku ya kazi. Desturi ya kutaja bei huko ilianza mwaka 1919, na tangu Machi 2015 hufanywa kwa mnada wa kompyuta, saa nne u nusu asubuhi na saa tisa alasiri za huko. Kwa saa zetu ni saa saba u nusu mchana na saa kumi na mbili jioni, na wakati wa kiangazi cha Uingereza ni saa moja kabla. Hutajwa kwa dola na kwa aunsi. Hapa wanafunzi wa fizikia waangalie: aunsi ya dhahabu si ile ya sukari yenye gramu 28 na ushei. Ni gramu 31.1035. Kwa mfano wa hesabu tu, bei ikiwa dola 3,110 kwa aunsi, gramu moja ni karibu dola 100. Lakini dhahabu ya mchimbaji si safi yote. Ikiwa usafi wake ni 90 katika 100, gramu 10 zake zina gramu 9 za dhahabu, basi thamani ni dola 900, kabla ya mrabaha na tozo za serikali. Mtu mwenye simu na penseli aweza kuifanya hesabu hiyo nusu dakika. Asiyeijua hupewa bei na dalali aliyekaa kwenye kinywa cha duara na mizani mfukoni.

Mambo yalibadilika kidogo mwaka 2019. Mwezi wa Machi mwaka huo soko la madini lilifunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata katika mikoa mingine. Humo dhahabu hupimwa uzito na usafi mbele ya mtumishi wa serikali, na Tume ya Madini hutoa bei elekezi inayofuata bei ya dunia. Wanunuzi ni wengi chumba kimoja, na muuzaji huweza kuwalinganisha. Sitasema kwamba dalali wa dudumizi, aitaye mvua asiyoileta, ametoweka machimboni. Mwenye shida ya fedha ya mafuta saa nne usiku humwuzia aliye karibu. Ila sasa, akipunjwa, anajua kiasi alichopunjwa.

Upande wa mashine bado haujapata soko kama hilo. Lililo karibu nalo ni Maonesho ya Teknolojia ya Madini, yanayofanyika Geita tangu mwaka 2018, aghalabu kati ya Septemba na Oktoba. Ni mahali pa kupendeza. Utaona makarasha, pampu, vifaa vya kutafutia dhahabu ardhini, mabenki, na watu wa STAMICO na wa GST, wote uwanja mmoja. Nawasihi wenzangu watakaopata ruhusa waende. Lakini waende wakijua kwamba maonesho nayo ni gazeti la namna fulani: mwenye banda amelilipia, na banda kubwa ni la mwenye fedha nyingi, si lazima la mwenye mashine njema. Muulize mwenye banda mambo anayoweza kujibu kwa majina na tarakimu. Mashine hii inafanya kazi wapi katika mkoa huu, nikaione bila wewe? Vipuri vyake vipo Geita au Kahama, au vyaagizwa ng'ambo? Hiyo asilimia unayoitaja, ilipimwa na maabara gani, na kwa jiwe la wapi, la kina gani? Anayeuza kitu kizuri hufurahi kuulizwa, maana ndipo anapopata kumshinda jirani yake mwenye maneno matupu.

Wakati mwingine nafikiri kwamba vyama vya wachimbaji vingeweza kufanya kama walivyofanya wakulima wa pamba. Kila kikundi kilichonunua karasha kina habari ambayo kampuni ya uchambuzi ingeiuza ghali: limesaga tani ngapi kwa mwezi, limekula lita ngapi za dizeli, limeharibika mara ngapi. Habari hiyo hukaa katika vichwa vya watu, kisha hupotea watu wanapohamia rashi nyingine. Daftari moja katika ofisi ya chama, lenye kurasa za kila aina ya mashine, likiandikwa na katibu asiyepokea kitu kwa muuzaji, lingegharimu fedha ya daftari na ya kalamu.

Kuhusu jiwe lenyewe, njia iko wazi leo. Maabara ya GST iko Dodoma na hupokea sampuli za mtu yeyote kwa malipo. Ofisi za Afisa Madini Mkazi, zilizoko Geita na Kahama na kwingineko, humweleza mchimbaji utaratibu wa leseni na mahali pa kupimia. Sampuli na ichukuliwe sehemu mbalimbali za mwamba, itiwe katika mfuko safi, iandikwe ilikotoka na kina chake kwa futi au mita. Wala lisichaguliwe lile jiwe linalong'aa peke yake, kwa kuwa mtambo utakaonunuliwa hautasaga linalong'aa peke yake.